Ndururu Ilikufa Lini?

Kila unaposema "pesa" unataja sarafu iliyokufa. Paisa ilikuwa sarafu ya shaba katika mfumo wa rupia ya Uhindi, na ulihitaji 64 ili zifike rupia moja. Ilikuwa chenji ya chini. Wafanyabiashara waliileta pwani, Sultani Barghash wa Zanzibar akatoa ya kwake mwaka 1882, na mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ikatoa yake ya Mombasa, yenye jua na maneno ya kusifu mwanga na uhuru. Kampuni iliyokuja kutawala watu ikiwauzia uhuru kwenye shaba! Rupia yenyewe ilikuwa ya madini ya fedha, mali ya watu wa forodhani na wenye majahazi. Lakini jina lililokwama midomoni ni la ile ndogo. Leo mtu ananunua ploti Kitengela kwa mamilioni na bado anasema ametoa pesa.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana hela. Mwaka 1904 Wajerumani waliachana na hesabu ya pesa 64 na kuigawa rupia yao katika Heller 100. Vita vya Kwanza vilipowafungia bahari, mwaka 1916 walijipigia sarafu wenyewe kule Tabora, kwenye karakana ya reli, zikiwemo za hela 20. Muda si muda walishindwa na utawala wao ukaisha. Heller ikaondoka nao kama sarafu, ikabaki kama neno, na leo bilionea wa Dar ana hela nyingi.

Mimi huona hii si bahati tu. Majina ya fedha hutolewa na wanaoishika kila siku, na wengi walishika ile ya chini. Ndiyo maana swali linaloonekana la wahasibu, kwamba nchi iache au isiache kutengeneza sarafu yake ndogo kabisa, huwa na watu ndani yake.

Marekani wamelijibu. Tarehe 12 Novemba 2025, kule Philadelphia, walipiga senti yao moja ya mwisho ya kuingia sokoni. Kila moja ilikuwa ikiwagharimu karibu senti 3.7 kuitengeneza. Hesabu hiyo haihitaji digrii. Kanada walikuwa wamewatangulia: mwaka 2012 walipiga ya mwisho, na Februari 2013 wakaacha kuisambaza. Sisi je? Sarafu yetu ya chini katika toleo jipya ni bob moja, ile ya twiga. Tuiue?

Kabla ya kujibu, ebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu Kenya ina historia ya kuua sarafu ndogo na historia yenyewe si nzuri.

Mwaka 1905 serikali ya kikoloni iliamua rupia igawanywe katika senti 100. Miaka michache baadaye zikaja sarafu zenye tundu katikati. Tundu lilipunguza madini, na pia lilimwezesha mtu asiye na mfuko kuzifunga kwa kamba. Ukienda kwa wazee utasikia habari za kamba hizo, za senti zilizohesabiwa kwa vidole kama shanga. Tundu hilo lilileta na kichekesho. Edward wa Nane alitawala Uingereza kwa chini ya mwaka mmoja, 1936, akajiuzulu kwa ajili ya mapenzi, na kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni. Lakini sarafu yenye tundu haina mahali pa kuweka kichwa cha mfalme, ni jina tu. Basi senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zina jina lake, na watu wetu walinunulia chumvi sarafu za mfalme ambaye watu wake mwenyewe hawakuwahi kumweka mfukoni.

Lakini nimeruka mbele. Kisa chenyewe kiko kati ya 1919 na 1921.

Kabla ya vita vile, rupia ilikuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Uingereza. Bei ya madini ya fedha ilipopanda, rupia ikapanda nayo, ikapita shilingi mbili. Walowezi waliuza mazao yao kwa pauni, ila walikuwa wamekopa kwa rupia na vibarua waliwalipa kwa rupia. Rupia ikipanda, deni na mishahara vinawakaba. Wakapiga kelele hadi London. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ikaundwa, na mwaka 1920 rupia ikafungwa kwa shilingi mbili na kubadilishwa kuwa florini. Florini haikumaliza hata miaka miwili. Ikaamuliwa twende kwa shilingi, na shilingi nayo igawanywe katika senti 100.

Hapo ndipo penye mtego. Florini moja ni shilingi mbili. Kwa hivyo senti moja ya zamani ni sawa na senti mbili za shilingi, hesabu ya darasa la tatu. Lakini kukatolewa pendekezo kwamba senti za zamani zilizo mikononi mwa watu zihesabiwe tu kuwa senti za shilingi, moja kwa moja. Yaani ulale na senti hamsini na uamke na ishirini na tano, na sarafu ni ileile, haijakatwa wala kuibwa.

Nani alikuwa na senti? Mzungu alikuwa na akaunti benki. Mfanyabiashara Mhindi alikuwa na noti na vitabu vya deni. Mwenye senti alikuwa Mwafrika, kibarua wa shamba, mama wa soko, mtu anayedunduliza kodi ya kibanda. Hoja ilikuwa kwamba hawa hawangetambua tofauti. Wamishonari walipinga. McGregor Ross, mkuu wa Idara ya Ujenzi wa serikali hiyohiyo, alipinga pia, na mwaka 1927 akatoa kitabu, Kenya from Within, kilichoanika mambo ya aina hiyo. Ila mwenye kutaka kupunguza gharama ya kibarua alikuwa na njia nyingine fupi zaidi: mwaka huohuo wa 1921 walowezi waliamua kukata mishahara kwa theluthi moja, wakati kodi ilikuwa imepanda hadi shilingi 16. Harry Thuku akaanza kukusanya watu Nairobi. Machi 1922 akakamatwa, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume waliokuwa wakisitasita, na risasi zikalia. Siwezi kusema watu walikufa kwa sababu ya senti. Walikuwa na sababu nyingi. Lakini aliyesema kwamba maskini hatambui chenji yake alikuwa hajawahi kukaa naye.

Sasa tuangalie zilivyokufa zile nyingine. Sarafu ya senti moja ya Afrika Mashariki ilipigwa kuanzia 1922 hadi 1962. Benki Kuu ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1966 na kutoa sarafu zake za kwanza, kulikuwa na senti 5, 10, 25, 50, shilingi moja na shilingi mbili. Senti moja hamna. Uhuru ulikuja bila yeye, na sijawahi kusikia mtu akimlilia.

Ya chini sasa ikawa senti tano, ndururu. Hata kama umezaliwa baada ya 2000 neno hilo unalijua, kwa sababu ukiishiwa unasema huna hata ndururu. Juu yake kulikuwa na senti hamsini, thumni, neno la Kiarabu la sehemu moja ya nane. Ndururu ilikufa lini? Hakuna tarehe ya mazishi. Ziliendelea kupigwa hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini, halafu maisha yakazipita. Uchaguzi wa 1992 ulimwaga noti nchini; ile ya 500 ikaitwa Jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo wa YK'92. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Katika hali hiyo huhitaji tangazo la serikali kuua senti tano. Mwenye duka anaacha kuipokea, mtoto anaitupa, kwisha.

Thumni nayo ilifuata kimyakimya. Sarafu mpya zilipozinduliwa Desemba 2018, zile zenye wanyama badala ya marais, kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha zetu, zilikuwa nne: bob moja, tano, kumi na ishirini. Wote tulikuwa bize kujadili sura ya Kenyatta kuondoka. Thumni iliondokea mlango wa nyuma.

Tatizo langu ni huo mlango wa nyuma. Kanada walipoua senti yao walisema wazi itakuwaje: ukilipa kwa taslimu, jumla ya mwisho inapelekwa kwenye tano iliyo karibu, juu au chini. Si kila bidhaa, jumla tu. Ukilipa kwa kadi unalipa hadi senti ya mwisho. Mteja anajua, muuzaji anajua. Sisi tumeachia kaunta iamue. Nakumbuka supamaketi moja ambayo haikuwahi kuwa na chenji ya bob moja. Kila bei iliishia na 99 na kila mara nilipewa peremende. Siku moja nilijaribu kulipia mkate kwa peremende kumi na moja nilizokuwa nimezikusanya. Mhudumu alicheka, akamwita msimamizi, msimamizi hakucheka.

Bei za mafuta zinazotangazwa kila mwezi bado zina senti mbili nyuma ya nukta, na hakuna sarafu nchini ya kuzilipia. Kwenye simu senti zinaishi. Stima ya tokeni inahesabiwa hadi senti, na ukilipa kwa simu unalipa 99 kamili. Kwa hivyo anayelipa kwa simu analindwa na hesabu, na anayelipa kwa sarafu anaachiwa huruma ya kaunta. Nadhani unajua ni nani bado analipa kwa sarafu.

Wanaotaka bob moja iende wana hoja, na sitajifanya sizioni. Hainunui kitu cha maana. Inajaa kwenye mikebe na chini ya viti vya gari. Konda ukimpa bob kumi za mojamoja anakuangalia kama umemtukana. Mimi mwenyewe, nikilazimishwa kupiga kura, ningesema iende, mradi sheria ya kukadiria jumla iandikwe kabla, ibandikwe kila kaunta, na iwe ya jumla pekee. Bila hiyo ningeiacha twiga iendelee kula majani.

Ninayoihofia zaidi ni ile ya juu yake, kifaru, bob tano. Mtaani watu wananunua kwa vipimo vidogo: mafuta ya kupima, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, sabuni ya kukatwa, kadogo kadogo. Katika uchumi huo bei haipandi polepole, inaruka kutoka ngazi moja hadi nyingine, na ngazi zenyewe ni sarafu. Ngazi ya tano ikitoka, kitu cha tano hakiwi cha sita. Kinakuwa cha kumi.

Wiki jana nilikuwa kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na ninapoishi, nikisubiri chapati. Mandazi yake yalikuwa bob tano hadi mwaka jana, sasa ni kumi. Akaja mtoto wa shule na kifaru mmoja kwenye kiganja, hakusema kitu, akakiweka juu ya meza. Mama naye hakusema kitu. Alichukua kisu, akakata andazi katikati, akampa nusu, na ile nusu nyingine akairudisha kwenye sahani na kuifunika.