Kima wa Noti ya Elfu

Geuza noti ya faranga 1000 ya Rwanda iliyotolewa mwaka 2004. Huyo ni kima wa dhahabu, mpenda machipukizi ya mianzi. Makazi yake ni milima ya Virunga na msitu wa Gishwati. Noti ya 5000 ya mwaka 2009 ina gorila wa milimani.

Sarafu ya faranga 5 ina mbuni, mmea mgeni ulioletwa Mibirizi, wilayani Rusizi, na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20.

Tofauti na mmea huo mgeni, wanyama wenyeji wa asili wako msituni. Cyamudongo, kisehemu cha Hifadhi ya Nyungwe kilichozungukwa na mashamba ya Rusizi, kina sokwe. Mafua ya binadamu huwaambukiza: ukiwatembelea vaa barakoa, usiwape chakula.