Safi na Salama: Maji ya Bomba katika Milima ya Umatengo

Maneno mawili yamezoeana katika Kiswahili cha serikali yetu kama chanda na pete: maji safi na salama. Kwa kuwa hayaachani, wasikiaji wengi huyachukua kuwa ni neno moja. Lakini si moja. Safi ni hukumu ya jicho, nayo hutolewa papo hapo. Salama ni hukumu ya tumbo, nayo aghalabu hutolewa baada ya siku kadhaa. Nadhani historia ya maji ya bomba katika Ukata, na katika milima ya Mbinga kwa jumla, ni historia ya maneno mawili haya kuchanganywa. Swali liulizwalo leo majumbani, kama maji yafaa kunywewa jinsi yalivyotoka bombani, halina jibu mpaka yatenganishwe.

Mgeni asomaye jina la Ukata katika ramani huenda akadhani kwamba mahali hapo ni pa ufukara. Kwa maji, walakini, nchi hii ya Wamatengo haikuumbwa fukara. Milima yake hukaribia kimo cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua zake huanza Novemba zikaendelea hata Mei, na kati ya kila mgongo wa mlima na mwenziwe hushuka kijito. Katika karne ya kumi na tisa, Wangoni walipokuwa wakishambulia majirani zao, Wamatengo wengi walijikusanya katika miteremko mikali ambayo ilikuwa rahisi kulindwa. Huko walilima ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa mlimani kama vyumba vya nyuki, ambayo huyazuia maji ya mvua yasichukue udongo. Wataalamu wa kilimo wameusifu ustadi huu kwa ajili ya mahindi na maharage. Mimi nausifu kwa ajili ya kijito pia, maana udongo usioporomoka hautii maji tope.

Kipande cha mlima kilichokaa kati ya vijito viwili kiliitwa ntambo, na ukoo mmoja ulikishika toka kileleni hata bondeni. Katika utaratibu huo mnywaji na mchafuzi walikuwa watu wa nyumba moja. Sisemi kwamba maji ya zamani hayakuua. Yaliua, tena watoto hasa, wala mauti hayo hayakuandikwa popote. Nasema tu kwamba aliyetaka kujua hali ya maji yake aliweza kupanda mlimani akaona kwa macho yake yalikotoka.

Bomba lilikuja na jina la kigeni. Neno lenyewe tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni chombo cha kuvutia maji, nasi tukalitumia kwa mrija wenyewe na hata kwa mahali maji yatokeapo. Katika nchi za Waswahili fahari ya bomba yatajwa mapema Unguja, ambako Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyaleta mjini maji ya chemchemi. Mji huo ulikuwa umetoka katika kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua maelfu. Tangu hapo bomba likahesabiwa kuwa alama ya ustaarabu, na barani kwanza lilionekana katika vituo vya serikali na vya misheni kabla ya vijiji.

Lakini bomba si dhamana. Mwaka 1892 mji wa Hamburg, ambako meli za Wajerumani zilitoka kuja pwani yetu, ulikuwa na mabomba yaliyoingia majumbani. Maji yake yalitoka mto Elbe bila kuchujwa kwa mchanga. Mji wa Altona uliopakana nao ulichota mto huo huo, upande wa chini ulio mchafu zaidi, lakini uliyachuja maji yake. Kipindupindu kilipoingia, Hamburg ilizika watu zaidi ya 8,000, na Altona ikapona kwa sehemu kubwa, hata katika mitaa ambayo njia moja tu iliitenga miji hiyo miwili. Watu wa Hamburg hawakukosa bomba. Bomba ndilo lililowapelekea ugonjwa nyumba kwa nyumba, kwa haraka ambayo ndoo isingeiweza.

Fundisho hilo halikutangulizwa sana katika mipango yetu. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania ilijitwika gharama yote ya kujenga miradi ya maji vijijini, na mwaka 1971 ikatangaza mpango wa miaka ishirini, ili kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji kwa umbali usiozidi mita 400. Ahadi ilipimwa kwa mita, na mita ni kipimo cha miguu ya mwanamke mwenye ndoo, si kipimo cha vijidudu. Silaumu: mzigo ule ulikuwa mzito kweli. Kwa mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wadenmark walisaidia kutengeneza mipango mikuu ya maji iliyotolewa mwaka 1982. Katika nchi ya milima njia nyepesi ikawa ni mserereko: banio hujengwa juu kijitoni au penye chemchemi, maji hushuka kwa uzito wake mpaka tangini, na toka tangini mpaka vituo vya kuchotea. Hayahitaji mashine wala mafuta. Na kwa kuwa yatoka juu, yaonekana hayahitaji dawa.

Katika miaka hiyo hiyo ilitolewa elimu nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya redio na vitabu, ikawahimiza kuchimba vyoo na kujikinga na maji machafu. Basi mwanakijiji alisikia sauti mbili: moja ikimwambia ajihadhari na maji, na nyingine ikimletea maji yasiyotaka hadhari. Ya pili ilishinda, nami naona sababu yake ni kuni. Kuchemsha maji ya kunywa ya jamaa nzima kila siku ni safari nyingine ya porini, na mwenye kwenda ni yule yule aliyepumzishwa safari ya kisimani.

Sasa tutazame njia ya maji hayo. Juu ya banio watu wameongezeka, mashamba yamekaribia vijito, na mifugo hunywa humo. Tangu kahawa ilipoingia Umatengo katika miaka ya 1920, kahawa humenywa karibu na maji, na maji ya maganda yakiachwa hurudi kijitoni. Mvua ya kwanza huzoa kinyesi kilicholala kiangazi chote. Bomba likipasuka lisizibwe, maji yakatikapo nguvu hupungua ndani, na uchafu wa nje huvutwa kuingia penye ufa. Kisha hufuata dumu, mtungi, na kikombe kinachochovywa kwa mkono. Maji yaliyotoka bombani yakiwa mema yaweza kuharibika kabla ya kufika kinywani. Kanuni ya Shirika la Afya la Dunia yataka katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja wa vijidudu vya kinyesi viitwavyo E. koli, na hao jicho haliwaoni hata maji yakiwa meupe kama kioo.

Mwaka 1991 ulifika, ahadi haikutimia, na sera mpya ikawataka wanavijiji wachangie gharama. Sera ya 2002 ikawakabidhi miradi, na sheria ya 2019 ikaunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuweka jumuiya za watumia maji chini ya uangalizi wake. Kwa namna fulani ntambo imerudi, ila sasa mnywaji na mlimaji wa juu ya banio si wa ukoo mmoja tena, na huenda hawajuani.

Kwa hiyo nyumba ya Ukata isiyo na cheti cha kupimwa maji wala uhakika wa klorini iyachemshe maji yake mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, iyafunike, na iyamimine badala ya kuyachovya. Asiye na kuni aweza kutumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, ila maji ya tope yachujwe kwanza, kwa kuwa tope huila dawa. Na katika mkutano wa jumuiya, baada ya hesabu za fedha kusomwa, yafaa waulizwe viongozi ni lini walipanda mara ya mwisho mpaka penye banio, na waliona nini juu yake.