Leseni ya Mwalimu wa Wasioona

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika pitapita zangu za kutafuta habari, kinasa sauti begani, nilifika katika shule moja ya sekondari inayosomesha pamoja wanafunzi wanaoona na wasioona. Jina lake nalihifadhi. Kijana mmoja alinionyesha daftari lake la hesabu, karatasi nene zilizojaa nukta nundu. Nikamwuliza amepata alama ngapi. Akacheka. "Halijasahihishwa tangu muhula uliopita," akasema. "Mwalimu anayejua kulisoma alihamishwa."

Mwalimu aliyebaki alikuwa na cheti chake, tena mtu wa bidii. Lakini mbele ya daftari lile, asiyeona alikuwa yeye. Tangu siku ile najiuliza: tunapompa mtu idhini ya kufundisha wasioona, hasa tunathibitisha kwamba anajua nini?

Swali hili si geni. Katika miaka ya 1780 Valentin Haüy alifungua shule ya wasioona mjini Paris, Ufaransa. Vitabu vyake vilichapwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa, ili kidole kizipapase. Kusoma kulikuwa kwa kujikokota, na kuandika kulikuwa taabu tupu. Ndipo mwanafunzi wa shule hiyo hiyo, Louis Braille, ambaye naye hakuona, akabuni maandishi ya nukta 6, akayatangaza kitabuni mwaka 1829. Baadaye akawa mwalimu hapo hapo.

Ungedhani walimu wenzake walishangilia. La hasha! Mwaka 1840 mkuu mpya wa shule, Pierre-Armand Dufau, aliyapiga marufuku maandishi hayo, na vitabu vikachomwa moto. Watetezi wa herufi zilizoinuliwa walikuwa na hoja moja kubwa: anayeona huweza kuzisoma bila kujifunza lolote jipya. Sikiliza vizuri hoja hiyo, ndugu yangu. Raha ya mwalimu iliwekwa mbele, haja ya mwanafunzi ikafuata nyuma. Wanafunzi waliendelea kuandikiana nukta kwa siri, mpaka mwaka 1844, wakati wa kuzindua jengo jipya la shule, msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, alipoyatetea maandishi hayo hadharani. Marufuku ikafa. Braille mwenyewe alifariki mwaka 1852, na miaka miwili baadaye Ufaransa ikayakubali rasmi.

Waingereza walikwenda hatua moja mbele. Mwaka 1907 walianzisha Chuo cha Walimu wa Wasioona, chombo cha kuwatahini walimu wa fani hiyo. Mpaka leo, katika England, mwalimu akikabidhiwa darasa la wasioona hupewa miaka 3 ya kupata sifa maalumu, nayo inamtaka ajue nukta nundu. Ualimu wa kawaida pekee hautoshi.

Na sisi je? Mbegu yetu ilipandwa mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma, Kanisa la Anglikana lilipoanza kuwasomesha watoto wasioona. Leo tunacho Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, inayohusu usajili na leseni za walimu. Hizo ni hatua za kupongezwa.

Lakini leseni ni karatasi, na karatasi hubeba kile tu kilichopimwa. Dereva hapewi leseni kwa kueleza usukani ulivyo. Huketi, akaendesha, huku mkaguzi akitazama. Basi na mwalimu wa wasioona apewe daftari la nukta nundu, alisome na kulisahihisha, kisha aandike zoezi la hesabu kwa nukta hizo hizo. Na ofisi inayomhamisha iulize kwanza: nani atabaki kusoma madaftari?

Watasema walimu ni wachache na shule ni nyingi. Ni kweli. Lakini yule kijana hakuomba shule mpya wala jengo la ghorofa. Alitaka tu kujua kama hesabu zake ni sahihi. Kwa muhula mzima, hakuna aliyeweza kumwambia.