Ngoma Moja, Maana Nyingi

Wandugu vijana, leo tuongelee ngoma. Gishora, karibu na Gitega, ndiko zimetunzwa ngoma za kifalme tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki 1908. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma yenyewe, na ni ufalme pia. Siku za Umuganuro zikilia, raia walijua mwami amebariki kupanda mtama. Ufalme ukaondolewa 1966, ngoma zikabaki, na 2014 UNESCO ikaziandika katika urithi wa utamaduni. Siku hizi mtu akizisikia anawaza sherehe ama wageni wakubwa. Mlio ni uleule, maana imebadilika.

Kwa nini? Saikolojia inatenga kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea. Fimbo inapiga ngozi, ngozi inatikisa hewa, hewa inatikisa kiwambo cha sikio, halafu chembe ndogo za ndani zinageuza mtikisiko kuwa ujumbe wa mishipa ya fahamu. Sikio la kijana linapokea mitikisiko 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Kazi ya pili ni kutafsiri, na hiyo ni ya ubongo: hii niliisikia wapi?

Wajerumani walianza kuyapima haya mapema. Ernst Weber, 1834, alipima watu kwa uzito mkononi, akaona tunahisi tofauti kwa kulinganisha na kilichokuwepo. Ngoma mbili zikiongezwa ya tatu, unajua. Ishirini zikiongezwa moja, huenda usijue. Mwaka 1860 Gustav Fechner akaandika kitabu kizima juu ya vipimo hivyo.

Tena sikio si mlango pekee. Kule Muyinga kuna maktaba ya matofali ya udongo, ilijengwa 2012 katika mpango wa shule ya watoto viziwi. Mtoto kiziwi akiweka kiganja kwenye ngoma anaupata mdundo, sababu ngozi nayo inapokea mtikisiko.

Muyinga hiyohiyo iko kambi ya Kinama, ya ndugu zetu kutoka Kongo. Kwa aliyekimbia vita, mshindo wa ghafla, uwe wa ngoma, radi ama mlango wa bati, unaweza kutafsiriwa kuwa bomu kabla hajawaza chochote. Moyo unaenda mbio, miguu inataka kukimbia. Huyo si mwoga, wala hana mashetani. Sikio lake ni zima. Ubongo unasoma yale aliyopitia. Na ubongo unajifunza: mshindo ukirudi mara nyingi bila hatari, kwa wengi hofu inapungua pole pole.

Basi nyinyi wa mashirika, na sisi tunaoandaa sherehe ya Juni 20: tutangaze mapema kama ngoma zitapigwa, wapigaji wakae pale wanapoonekana, na anayetaka kusimama mbali asichekwe. Jicho likimwona mpigaji, ubongo unapata jibu haraka.

Kwako wewe, ni sauti gani imebadilika maana? Andika, tuelimishane.