Maji ya Bomba na Samaki wa Darasani: Rexdale na Maziwa Makuu

Rexdale, eneo lililo kaskazini magharibi mwa jiji la Toronto, lilianza kuwa mtaa wa makazi katika miaka ya 1950, pale mjenzi Rex Heslop alipoyageuza mashamba ya Etobicoke kuwa nyumba na viwanda. Mtaa huo ulipata maji kutoka Ziwa Ontario, na jirani wake wa upande wa magharibi alikuwa uwanja wa ndege wa Malton, ambao leo huitwa Pearson. Mambo hayo mawili yana sehemu kubwa katika historia ya samaki wanaoweza kufugwa katika tangi la darasani mahali hapo, pengine kubwa kuliko uamuzi wa mwalimu yeyote.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia samaki wa mapambo walisafirishwa zaidi kwa meli, ndani ya makopo ya bati, na wengi walikufa njiani. Baada ya vita ulikuja mfuko wa plastiki unaojazwa maji kidogo na oksijeni nyingi, kisha ukapakiwa kwenye ndege, na biashara ikapanuka. Aliyependwa sana alikuwa neoni, samaki mdogo wa Amazoni mwenye mstari wa buluu, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1936. Hata hivyo neoni wa porini huishi katika maji laini, yaani yenye chokaa kidogo sana, na yenye uchachu, ilhali maji ya Ziwa Ontario yana ugumu wa wastani na huelekea upande wa ualkali.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Maji ya Ziwa Tanganyika na ya Ziwa Nyasa ni ya alkali, na kipimo cha pH, ambacho huonyesha uchachu au ualkali wa maji, hukaribia 9 katika Tanganyika. Kuanzia miaka ya 1960 mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, walianza kuuzwa nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Burundi. Kwa darasa, mbuna ana faida ambayo picha ya kitabuni haiwezi kuitoa: jike huyabeba mayai kinywani kwa takriban wiki 3, taya likiwa limevimba na yeye hali kitu, hadi vifaranga watoke. Ubaya wake ni ugomvi, na ndiyo maana huhitaji tangi kubwa lenye mawe mengi ya kujificha.

Hata kwa samaki anayeyapenda, maji ya bomba ya Toronto hayatumiki moja kwa moja, kwa kuwa hutiwa kloramini, mchanganyiko wa klorini na amonia usiotoweka kwa kuacha ndoo wazi usiku kucha, hivyo ni lazima yatiwe dawa ya kuiondoa kabla samaki hawajaingizwa. Tangi jipya pia huhitaji wiki kadhaa ili bakteria wakue katika chujio, kwani ndio wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa kitu kisicho na sumu kali. Walimu wenye haraka huwapoteza samaki katika hatua hii.

Furu, samaki wa jamii moja na mbuna waishio Ziwa Viktoria, wana historia yenye uchungu zaidi, kwa kuwa sangara aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950 alichangia sana kutoweka kwa aina nyingi zao katika miaka ya 1980. Mmoja wao, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985, aliitwa *nyererei* kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na vizazi vyake huzalishwa leo katika matangi ya wafugaji wa nchi nyingi. Katika mtaa wenye familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki, ni vigumu kuona kwa nini neoni aendelee kuchaguliwa mbele yake.

Mto Humber unaopita Rexdale ulikuwa na samaki wake pia. Samoni wa Atlantiki alitoweka katika Ziwa Ontario kufikia mwisho wa karne ya 19, mabwawa ya vinu yakiwa yamemfungia njia ya kwenda kutaga, na mradi wa kumrejesha ulioanza mwaka 2006 umewapa wanafunzi wa Ontario mayai ya kuangua darasani. Tangi lake hupozwa kwa mashine badala ya kupashwa joto, na kazi yake huisha wakati wa majira ya kuchipua, vifaranga wanapoachiliwa mtoni, ilhali mbuna hawaruhusiwi kuachiliwa kamwe, na katika likizo ya Julai na Agosti ni lazima awepo mtu mwenye ufunguo wa shule ili kuwatunza.