Heko na Nduguze: Historia Fupi ya Wachapishaji wa Riwaya za Upelelezi, Kama Ionekanavyo kutoka Morogoro

Shirika kubwa la vitabu huacha nyuma yake majengo, majalada na kumbukumbu za mikutano, hata mwandishi wa taarikhi akija baada ya miaka hamsini hana taabu ila ya kuchagua. Ama shirika dogo, ambalo mkurugenzi wake ndiye mtungaji, ndiye msahihishaji wa miswada, na aghalabu ndiye aendaye mwenyewe kudai fedha kwa wenye maduka, haliachi ila vitabu vyenyewe, na ndani ya kila kitabu ukurasa mmoja wenye jina la shirika, nambari ya sanduku la posta na mwaka wa kuchapishwa. Kwa kurasa hizo, na kwa yale ambayo wasomaji wa rika letu hapa Morogoro wanayajua kwa kuyasoma, nakusudia kueleza habari za Heko Publishers ya Dar es Salaam, shirika la marehemu Ben Mtobwa, pamoja na nduguze wachache waliofanya biashara ya namna moja nalo: kutunga, kupigisha chapa na kuuza riwaya za upelelezi kwa Kiswahili pasipo ruzuku ya serikali wala mtaji wa kampuni ya ng'ambo.

Riwaya hizo hazikuzaliwa mikononi mwa watu huru wa namna hii. Zilizaliwa ofisini. East African Literature Bureau, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1948 chini ya Charles Richards, ilikuwa idara iliyokusudiwa kuwapa watu wa Afrika Mashariki vitabu vya kusoma baada ya kutoka darasani, na katika mashindano yake ya utungaji wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 tuzo ya kwanza ilimwendea Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyekuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kitabu mwaka 1960, na ndani yake akatokea Bwana Msa na kiko chake mdomoni, mtu ambaye kwa hesabu za akili ni jamaa wa Sherlock Holmes, walakini kwa lugha, kwa adabu na kwa subira ya barazani ni Mzanzibari halisi asiyeazima kitu kwa mtu. Mwaka 1965 Bureau hiyo hiyo ikatoa Simu ya Kifo ya Faraj Katalambulla, na hapo upelelezi ukahama kutoka mashambani na majumba ya kale ukaingia mjini, penye simu, magari na askari wa cheo. Katalambulla hakutosheka na kitabu, bali alishughulika pia na jarida la Film Tanzania, lililosimulia hadithi kwa picha za watu waliosimama mbele ya kamera kana kwamba wamo katika sinema. Na mtu akitaka kujua riwaya pendwa zilirithi wapi majalada yao ya bastola na wanawake warembo, asilisahau jarida hilo.

Bureau ilikuwa na fadhila zake, nami sipendi kuidharau kama wapendavyo baadhi ya wanazuoni wetu. Ilihariri kwa makini, ililipa, na ilikuwa na njia za kuvifikisha vitabu mbali. Lakini ilikuwa mali ya ushirikiano wa nchi tatu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mali hiyo ikafa pamoja na mwenyewe. Sehemu iliyobaki Nairobi ikawa Kenya Literature Bureau, na mtungaji wa Tanzania akajikuta na mswada mkononi na mpaka uliofungwa mbele yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vilikula fedha za kigeni, karatasi ikaadimika, na kidogo kilichopatikana, kwa haki kabisa, kilitangulizwa kwenye vitabu vya shule. Mashirika ya umma ya uchapishaji hayakuzikataa hadithi za makachero moja kwa moja. Eastern Africa Publications, kwa mfano, ndiyo iliyotoa Ufunguo wa Bandia wa Hammie Rajab mwaka 1979. Ila foleni ilikuwa ndefu, na mtungaji wa riwaya ya mauaji hakuwa na hoja ya kumpita mwalimu wa hesabu. Ajabu ni kwamba katika dhiki hiyo hiyo riwaya pendwa zilistawi kuliko wakati wowote uliopata kuwako. Hapakuwa na televisheni Tanzania Bara, vitabu kutoka nje havikununulika, na kampeni ya elimu ya watu wazima ilikuwa imezaa kaumu kubwa ya watu wajuao kusoma wasiokuwa na cha kusoma. Kiu ilikuwapo, na mtungaji aliyeweza kumpata mpiga chapa mwenye karatasi hakuhitaji kumsubiri mtu.

Aliyeonyesha njia hiyo vizuri zaidi alikuwa mfanyabiashara. Elvis Musiba alikuwa amekwisha kujulikana kwa Kufa na Kupona, iliyotolewa na Bureau mwaka 1974, ambamo Willy Gamba anafuatia nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam hadi anafika Nairobi. Riwaya zake za baadaye zilibeba jina la Continental Publishers: Njama ilitoka mwaka 1981 na Hofu mwaka 1988. Mtu huyu, aliyekuja kukiongoza chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo nchini, alikitazama kitabu kama bidhaa pasipo kuona haya, na naona hilo lilikuwa jambo la heri. Alijua kwamba kitabu chembamba cha bei nafuu, chenye jalada la rangi, kikiwekwa kwenye meza ya muuza magazeti, humfikia msomaji ambaye hajapata kukanyaga kizingiti cha duka la vitabu. Kajubi Mukajanga naye, kabla ya kuwa katibu mtendaji wa Baraza la Habari, alitoa riwaya chini ya jina la Grand Arts Promotion, na palikuwapo wengine ambao mashirika yao hayakuishi zaidi ya vitabu viwili au vitatu.

Ben Mtobwa alikuja katikati ya msafara huo akiwa kijana. Alizaliwa mwaka 1958 mkoani Kigoma, na alikuwa na miaka 25 tu ilipotoka Lazima Ufe Joram mwaka 1983, riwaya iliyomtambulisha Joram Kiango, mpelelezi asiyekuwa na cheo serikalini, mwenye mzaha mwingi, mpenda sigara na wanawake, ambaye Inspekta Kombora wa polisi humhitaji na kumchukia kwa kiasi kimoja. Baada ya hapo kalamu ilikimbia: Salamu kutoka Kuzimu, Najisikia Kuua Tena, Tutarudi na Roho Zetu mwaka 1987, Malaika wa Shetani mwaka 1988. Tofauti yake na Musiba iko wazi kwa kila awasomaye wote wawili. Gamba ni mtumishi wa dola, hutumwa na wakubwa zake, na adui zake hutoka nje ya nchi. Kiango hatumwi na mtu, na mara nyingi uchafu anaoufukua umo ndani ya mji wake mwenyewe, nyuma ya mapazia ya watu waheshimiwa. Nadhani si sadfa kwamba mtungaji wa mpelelezi wa namna hiyo ndiye aliyetaka pia kuwa mchapishaji asiyetumwa na mtu.

Heko ndiyo iliyokuwa dawati lake. Mwaka 1990 shirika hilo lilitoa Dar es Salaam Usiku, nami naihesabu kuwa kilele cha kazi yake yote, ingawa wapenzi wa Joram watanishutumu, kwa kuwa Joram hamo. Ni hadithi ya Rukia, mwanamke auzaye mwili wake, na ya wanaume wawili wanaomtaka, Peterson tajiri na Hasira aliyekulia katika ufukara. Na jiji lenyewe, na taa zake na mitaro yake, ndilo mtuhumiwa mkubwa. Mhariri wa shirika la vitabu vya shule angaliikata nusu. Mtobwa, kwa kuwa mhariri wa Heko alikuwa yeye, hakuikata, na baadaye kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza na kutolewa Nairobi mwaka 1999 katika safu ya Spear Books, jambo ambalo ni nadra kwa riwaya pendwa ya Kiswahili. Upande wa pili wa uhuru huo haufichiki: makosa ya chapa ni mengi, majina ya watu mara nyingine hubadilika kati ya sura na sura, na palipohitajika jicho la pili halikuwapo. Shirika likampa mwenyewe ruhusa ya kila kitu, kasoro mtu wa kumwambia hapana.

Yatupasa sasa tuseme la kwetu, maana msomaji aweza kuuliza Morogoro inaingiaje katika habari za wachapishaji wa Dar es Salaam. Inaingia kwanza kwa njia ya barabara. Vitabu hivyo havikuwa na wakala wala gari la usambazaji. Vilisafiri kama abiria, katika mabasi na treni ya kati, na pale Msamvu, panapoachana njia ya Dodoma na njia ya Iringa, muuza vitabu wa mkononi alijua kwamba mtu mwenye safari ya siku nzima atatoa fedha kwa ajili ya Joram Kiango kabla hajatoa kwa ajili ya mahindi ya kuchoma. Kutoka hapo nakala moja ilipanda milima kwa miguu hadi Matombo, Mgeta na Kinole, ikipita mikono ya walimu, wauguzi na wanafunzi, hata ikarudi haina jalada wala kurasa za mwisho, na mtu akalazimika kumuuliza aliyeitangulia ni nani aliyekuwa muuaji. Kwa sababu hiyo hesabu ya nakala zilizouzwa, hata lau ingepatikana, isingetuambia idadi ya waliosoma.

Inaingia pili kwa njia ya maudhui. Wasomaji wa miji mingine waliweza kuzidhania njama za Makaburu katika riwaya za Musiba na Mtobwa kuwa chumvi ya watungaji. Hapa hapakuwa na wasaa wa kudhani hivyo. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya makao yake Morogoro tangu miaka ya sitini, na mkutano wake mashuhuri ulifanyika mjini humu Aprili 1969, chini ya miezi mitatu baada ya Eduardo Mondlane wa FRELIMO kuuawa Dar es Salaam, tarehe 3 Februari, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Baadaye Mazimbu, palipokuwa shamba la mkonge, ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979, na wakimbizi wa Afrika Kusini wakaishi jirani nasi hadi mwaka 1992 walipoyakabidhi majengo yale kwa Tanzania. Mtu aliyeonana nao sokoni Jumamosi, kisha Jumapili akasoma habari za kachero wa Pretoria aliyejipenyeza kati ya wapigania uhuru, hakuwa anasoma ndoto.

Na ya tatu ni milima yenyewe. Hammie Rajab alitunga Miujiza ya Mlima Kolelo, na jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa Mluguru: Kolelo ni mzimu wa upande wa kusini wa Uluguru, ambako watu wa milimani na Wazaramo wa tambarare walikuwa wakienda kuomba mvua, na ambao sifa yake ilikuwa kubwa hata wakati wa Vita vya Majimaji, mwaka 1905, ikachanganyika na habari za dawa ya maji. Kuanzia mzimu wa Bwana Msa hadi Kolelo, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haikupata kuuacha mzimu kabisa; ilichofanya ni kuuliza kama nyuma yake pamejificha mtu. Swali hilo ni la adabu kuliko linavyoonekana, maana halimkejeli aaminiye, wala halimwachi mhalifu ajifiche kwenye imani ya watu.

Miaka ya tisini ilileta neema na msiba kwa pamoja. Biashara ilifunguliwa, karatasi ikapatikana, magazeti ya watu binafsi yakachomoza kila pembe, na Mtobwa mwenyewe akawa na gazeti la Heko. Roho ya Paka ilitoka mwaka 1996 katika hali hiyo ya matumaini. Lakini milango iliyomfungulia yeye iliwafungulia na wengine: video zikaingia, televisheni ikaanza Bara, na hadithi za mfululizo katika magazeti pendwa, hasa yale ya Global Publishers ya Eric Shigongo, zikamzoeza msomaji kununua sura moja kila wiki kwa bei ya gazeti badala ya kitabu kizima. Wakati huo huo ununuzi wa vitabu vya shule ulifunguliwa kwa wachapishaji binafsi, na mwenye mtaji mdogo aliona wazi kwamba kitabu cha darasa la tano kina mnunuzi wa hakika, ilhali Joram Kiango hana. Musiba alitoa Uchu mwaka 2000, akimpeleka Gamba katika habari za mauaji ya Rwanda, na hiyo ikawa safari ya mwisho ya kachero huyo kwa mkono wa aliyemuumba.

Mtobwa alifariki dunia Novemba 2008, na Musiba akafuata mwaka 2010. Mashirika ya mtu mmoja hayana naibu mkurugenzi. Hussein Tuwa na wenzake wameuendeleza upelelezi kwa kalamu mpya, lakini vitabu vya Heko na vya Continental vimebaki vikitafutwa kwenye meza za vitabu vikuukuu, vikiuzwa kwa bei ambayo marehemu wenyewe hawakupata kuiona vikiwa vipya. Kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, kazi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mtungaji kufa, kwa hiyo hadi mwaka 2058 kwa Mtobwa na mwaka 2060 kwa Musiba hapana awezaye kuzipiga chapa kihalali pasipo kukubaliana na warithi. Na kwa kuwa mchapishaji aliyekuwa na mkataba na mtungaji alikuwa mtungaji mwenyewe, mchapishaji wa leo atakaye kumrudisha Joram Kiango mezani Msamvu itambidi abishe hodi kwa familia.