Jinsi tanuri linavyosambaza joto katika nyumba za Marekani

MKENYA anayehamia jimbo la Minnesota, Marekani, wakati wa majira ya baridi hustaajabia jambo moja. Nje theluji imefunika magari, ilhali ndani watu wamevaa fulana na moto hauonekani popote. Kinachosikika ni mvumo hafifu kutoka chini ya sakafu, na upepo wenye joto unaopenya kwenye tundu lililofunikwa kwa wavu wa chuma.

Chanzo cha upepo huo ni tanuri, ambalo aghalabu huwekwa katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Amri hutolewa na kidhibiti joto kilichobandikwa ukutani. Nyumba ikipoa kupita kiwango kilichowekwa, tuseme nyuzi 20 za Selsiasi, tanuri huwaka. Gesi huchomwa ndani ya mirija ya chuma, na moshi wake hutolewa nje kwa bomba lake. Hewa ya nyumba hupita upande wa pili wa chuma hicho, ikaota joto bila kukutana na moshi.

Feni kubwa husubiri kidogo kabla ya kuanza kazi, kwani ikitangulia itawapulizia wenyeji baridi. Kisha husukuma hewa, ambayo sasa imefika nyuzi 50 hivi, katika mfereji mkuu wa bati unaogawanyika kama matawi ya mti kuelekea kila chumba. Matundu mengi huwekwa chini ya madirisha, mahali ambapo baridi hushuka kwenye vioo.

Hiyo ni nusu tu ya safari, na nusu ya pili ndiyo wageni wengi hawaifahamu. Hewa iliyopoa lazima irudi tanurini kupitia matundu mengine, makubwa zaidi, yanayovuta badala ya kupuliza. Mtu akisukuma kochi mbele ya tundu hilo, feni hukosa hewa ya kusukuma. Vivyo hivyo, chumba kisicho na njia ya kurudisha hewa kikifungwa mlango hubaki baridi: hewa iliyomo haina pa kutokea, nayo ya moto haipati nafasi ya kuingia.

Wapo pia wanaofunga matundu ya vyumba visivyotumika wakidhani wanaokoa gesi. Wakifunga mengi, feni hubanwa, chuma hupata moto kupita kiasi na tanuri hujizima. Kichujio kilichojaa vumbi huleta balaa iyo hiyo, ilhali kukibadilisha kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu ni kazi ya dakika chache.

Zamani hapakuwa na feni. Matanuri ya makaa ya mawe yalitegemea hewa ya moto kupanda yenyewe na ya baridi kushuka kwa uzito wake, kwa hivyo mifereji ilikuwa minene mno hata Wamarekani wakayafananisha na pweza. Mnamo 1919, Alice H. Parker wa Morristown, New Jersey, alipewa hataza ya tanuri la gesi ambalo joto lake lingeelekezwa katika vyumba mbalimbali, kila kimoja kwa kiwango chake.

Hatari kuu imo katika ile mirija ya chuma. Ikipasuka kutokana na uchakavu au joto la kupindukia, gesi ya kaboni monoksaidi yaweza kuingia katika mifereji ile ile inayopeleka joto vyumba vya kulala. Ndiyo sumu inayoua watu nchini Kenya wanapolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa; haina harufu wala rangi. Sheria ya Minnesota hutaka king'ora cha kuitambua kiwe umbali usiozidi futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. King'ora kikilia, au watu wote nyumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja na kupata nafuu wakitoka, yafaa watoke mara moja na kupiga simu 911 wakiwa nje.

Jambo jingine ni kwamba tanuri la gesi huhitaji umeme. Januari 30, 2019, kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sufuri mjini Minneapolis. Katika baridi kama hiyo, stima ikikatika, feni husimama hata kama gesi ipo. Ndivyo ilivyokuwa Texas mnamo Februari 2021, umeme ulipopotea kwa siku kadhaa. Mabomba ya maji yaliganda na kupasuka, na baadhi ya familia zikaingiza majiko ya makaa ndani au kuwasha magari gerejini ili kupata joto. Kuna walioaga dunia kwa sumu hiyo.